Barua Fupi ya Mzee Telesfori

Kompyuta ya Generosa iliingia Mpanda kwa treni ya Tabora, imeviringishwa ndani ya godoro. Waliokuwa stesheni waliuona mkokoteni ukikata mitaa na godoro jipya juu yake, Generosa mwenyewe akitembea ubavuni ameshika kamba, wakahitimisha kwamba anamwozesha binti na kawanyima kadi za mwaliko. Walimfuata mpaka kibandani kwake karibu na soko, midomo imewajaa mate. Godoro lilipokunjuliwa kikatokea kisanduku cha rangi ya maziwa yaliyolala, na kioo kama cha televisheni. "Loo, kumbe!" wakasema, wakatawanyika kwa masikitiko, maana kisanduku hakina pilau.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Kwa miaka kumi na minne Generosa alikuwa amegonga taipu katika kibanda kile: maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, barua za wazazi kwa watoto walio mbali. Sasa ofisi zilikuwa zimepata mashine zao, na wateja walipukutika mmoja mmoja mpaka akabaki anawaandikia wanaosimangana tu. Alikuwa amesikia kwamba huko mijini watu wanapeleka barua kwa kompyuta, na kwamba jibu hurudi kabla chai haijapoa. Akajisemea, hiyo ndiyo itakayokiokoa kibanda. Tatizo ni kwamba baada ya kuinunua mashine, akiba ilimtosha kulipia huduma moja tu ya kuiunganisha. Akikosea kuchagua, anafunga mlango na kurudi Ilembo kwenye mpunga, na mgongo wake ulikwisha kumwambia unavyofikiri juu ya mpunga.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Ambrosi, fundi redio wa makamo aliyewahi kufanya kazi misheni. Huduma yake ilipita kwa redio ya upepo: waya mrefu juu ya paa, na barua zikirushwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi saa moja na jioni saa kumi na mbili. "Mvua inyeshe, nguzo zianguke, mimi napita juu kwa juu, dada," alisema kwa majivuno. Malipo yake yalihesabiwa kwa herufi.

Wa pili alikuwa Edgar, kijana mwenye tai aliyetumwa na kampuni moja ya Dar es Salaam. Ya kwake ilipita katika simu ya mezani, ile ambayo Generosa aliisubiri miaka minne. Kompyuta ingepiga simu Dar es Salaam wakati wowote, ikabidhi barua, ikachukua za kurudi, ikakata. Malipo yalihesabiwa kwa dakika.

"Na laini ikikatika?" Generosa aliuliza.

"Unapiga tena, mama."

"Na nikipiga tena nalipa tena?"

Edgar akairekebisha tai yake, ambayo haikuwa na kasoro yoyote. "Mchagua jembe si mkulima, mama."

"Mkulima gani huyo anayenunua jembe bila kuligonga?" Generosa akamjibu. Akawapa wote wawili wiki moja ya majaribio.

Lakini moyoni alikwisha kuchagua. Kwa herufi! Kama kuna mtu Mpanda nzima aliyezaliwa kubana maneno, basi ni yeye. Ujana wake wote alikuwa akiwaandalia watu simu za maandishi za posta, zilizolipiwa kwa neno, na sifa yake ilienea hadi Sitalike: mpelekee Generosa kurasa mbili, atakurudishia mistari miwili na chenji yako. Aliyang'oa maneno ya watu kama magugu, na hakuna mwenye shamba aliyewahi kulalamika. Akamwambia Ambrosi atandaze waya wake.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Telesfori, mkulima wa tumbaku wa Litapunga, aliyekuja kwa baiskeli na shati lililopigwa pasi. Mwanawe Jean Bosco alikuwa akisomea uuguzi Kampala, na alikuwa amemwandikia baba yake anwani yake mpya ya kompyuta ya chuoni kwenye kipande cha boksi. Mzee alivua kofia, akasimama wima mbele ya kompyuta kana kwamba kijana yumo ndani, akaanza.

"Mwanangu mpendwa Jean Bosco, salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, wasiwasi wetu ni kwako tu. Mama yako Providence anakusalimu, mguu wake unaendelea kupata nafuu. Bibi yako Séverine anakusalimu, meno bado anayo manne..."

"Mzee," Generosa alimkatiza, "utafilisika kabla hatujalifikia jambo lenyewe. Unataka kumwambia nini hasa?"

"Kwamba tumeuza tumbaku, ada nimetuma, asome."

"Basi hilo ndilo tutakaloandika."

"Na bibi yake?"

"Bibi yake atasubiri."

"Barua ni nusu ya kuonana, mama," mzee alinung'unika.

"Hii si barua, mzee wangu. Hii ni barua pepe."

Akaandika: *Tumeuza tumbaku. Ada imetumwa. Soma kwa bidii. Baba.* Akaisoma mara mbili na kuona haina hata herufi moja ya kuondoa. Jioni ile Ambrosi aliirusha, na Generosa akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Kesho yake asubuhi mzee alikuwa mlangoni mapema, akisubiri jibu. Ambrosi alilitoa, akampa Generosa alisome. Generosa alianza kwa sauti ya karani na kumaliza kwa mnong'ono.

*Baba, nimeisoma mara kumi. Aliyefariki ni nani? Hukumtaja mama, hukumtaja bibi, hata mimi hukunisalimu. Tumbaku mmeiuza kugharamia mazishi ya nani? Usinifiche, mimi ni mtu mzima. Nimeomba ruhusa, mtihani wa Jumatatu nauacha. Nasubiri jibu hapa kwenye chumba cha kompyuta mpaka saa sita mchana, halafu napanda basi nije.*

"Mana yanje!" Mzee Telesfori alimwita Mungu kwa Kirundi, akakaa kwenye benchi kwa kishindo. "Mtihani wa mwisho ule! Akiukosa, ni mwaka mzima umekwenda." Akamtazama Generosa bila hasira, jambo lililomuumiza zaidi. "Kwetu, barua isiyo na salamu ni ya msiba. Mwenye habari mbaya hana pumzi ya kusalimia. Wewe hukulijua hilo?"

Alilijua. Hata kwao Wakonongo ni hivyo hivyo, nani asiyelijua? Ila miaka kumi na minne ya kuhesabu maneno ya watu ilikuwa imemsahaulisha maneno yale ni ya kazi gani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Kaka Ambrosi, rusha jibu sasa hivi!"

"Dada, kabla ya saa kumi na mbili jioni huko ng'ambo hakuna anayepokea. Nitakuwa namrushia nani, kunguru?"

Edgar alikuwa kwenye mgahawa wa jirani. Generosa alitoka mlangoni mbio, kitenge mkononi. "Edgar! We Edgar! Acha hiyo chapati uje!"

Kijana alikuja anatafuna, akaelezwa, akameza. "Andika kwanza, mama, ndipo tupige. Simu haina habari na maneno. Ndefu, fupi, zinapita karibu kwa muda uleule."

"Kwa hiyo niandike yote?"

"Yote."

Mzee Telesfori akavua tena kofia. Safari hii Generosa hakumkatiza. Vidole vyake vyote kumi vilikimbia nyuma ya sauti ile: salamu za mama, za shangazi, za majirani wa kulia na wa kushoto, za padri, za mbwa, hata za mama anayewaandikia. "Bibi yako Séverine ni mzima kabisa. Jana alimkimbiza mbuzi mpaka kwa jirani, na akamkamata." Mzee alipotua kupumua, Generosa aliuliza, "Na Mama Providence? Mguu wake hatujautaja."

"Umeujuaje mguu?"

"Ulinitajia jana. Nikakukatiza."

Laini ya simu ilikuwa imekufa tangu asubuhi; iliporudi saa tano na nusu, Edgar akapiga. Kompyuta ililia kama kuku aliyebanwa mlangoni, ikanyamaza: laini ina watu. Wakapiga tena, ikaunganika, ikakatika. Edgar alilegeza tai. Mzee alikuwa akisali kwa Kirundi, Ambrosi akimwitikia amina bila kuelewa neno. Saa sita kasoro dakika nane ikalia kwa mara ya tatu, ikakoroma, ikatulia. "Imekwenda!" Edgar alipaza sauti, na Mzee Telesfori akamkumbatia nusura amnyonge kwa tai yake.

Walisubiri robo saa, wakapiga tena kuchukua jibu. Lilikuwepo. Generosa akasoma.

*Baba, nimelia mbele ya watu, halafu nikafika kwenye mbuzi nikacheka mpaka msimamizi akaniuliza kulikoni. Siji. Mtihani nitaufanya.* Zikafuata salamu, ukurasa mzima, mtu kwa mtu, mbuzi naye akapata zake. Mwishoni kabisa: *Na huyo mama anayetuandikia, hukunitajia jina. Hajambo? Watoto wake hawajambo? Mgongo haumsumbui, kuketi siku nzima?*

Generosa aliisoma tena mistari ile ya mwisho. Maelfu ya salamu yalikuwa yamepita chini ya vidole vyake yakienda kwa watu wengine, na hakukumbuka hata moja iliyosimama kwake.

Nje, Ambrosi alikuwa amekwisha panda ngazi na kuanza kukunja waya. "Dada," alisema toka juu ya paa, akicheka, "misheni walinifundisha kushindana na radi. Kushindana na mbuzi hawakunifundisha."

Edgar alitoa fomu zake, akazitandaza mezani pamoja na kalamu. Generosa alitia sahihi haraka, akazisukuma kando, akaivuta kibodi.

"Mjibu," alisema Mzee Telesfori. "Kijana ameuliza."

*Mimi naitwa Generosa,* aliandika. *Sijambo sana. Mgongo unauma kidogo, zaidi wakati wa baridi, asante kwa kuuliza.* Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaendelea: mumewe hajambo, mpunga wa Ilembo umepata mvua, mama mkwe ameacha kukohoa. Ukurasa ulijaa, ukaanza wa pili. Jua lilihama dirishani, na huko nje wateja wawili walikuwa wamekwisha keti kwenye benchi.

Edgar aliushika mkono wa simu. "Mama, niunganishe?"

"Bado," alisema Generosa. "Sijafika kwa watoto."