Pindo la Mbele

Shule za mji wetu wa Jacmel mimi nazijua kwa vitambaa. Ukinitajia jina la shule nitajikuna kichwa, ila ukinitajia rangi nitakueleza hata kola yao imekaaje. Ndivyo tulivyo mafundi cherehani. Kwa hiyo ile shule ya magauni ya kahawia na kola nyeupe nitaiita Kahawia. Jina lake la kwenye bango silitaji, maana bado nawashonea, na huu mdomo wangu umeshanifukuzia wateja wa kutosha.

Miaka saba niliwashonea Kahawia bila kuvuka geti lao. Magauni yakiletwa kurekebishwa nilikuwa naona jambo lile lile: pindo la mbele limelika sehemu mbili, umbali wa kama shibiri moja, mpaka nyuzi zinachungulia. Pindo la nyuma zima kabisa. Boksi likija na magauni ishirini, kumi na tano yako hivyo.

"Hawa watoto wanasali," nilimwambia mume wangu, Dieuseul. "Wanapiga magoti mpaka nguo inatoboka. Hayo ndiyo malezi!"

Dieuseul anatengeneza majokofu, na hana imani na kitu asichoweza kukifungua kwa bisibisi. Akasema, "Au wameangusha kitu wanakitafuta."

"Mpagani wewe."

Nikaanza kuwawekea kitambaa cha ziada kwa ndani, pale pale penye sehemu mbili. Sikuombwa wala sikulipwa. Niliona ni sadaka yangu ndogo, kwamba watoto wa watu wakimwomba Mungu, magoti yao yamkumbuke kidogo na fundi.

Sasa mwaka ule binti yetu Ketlina alikuwa anatimiza miaka sita, na Septemba ilibidi aanze darasa la kwanza. Ketlina ni mtoto wa maswali. Anaamka nayo, anakula nayo. Kivuli changu saa sita kinajificha wapi? Kuku anajuaje kwamba yai limekuwa tayari? Mtu wa kwanza kabisa kushona, nguo aliyovaa siku hiyo alishonewa na nani? Hilo la mwisho lilininyima raha wiki nzima.

Mimi nilimtaka aende Kahawia, na sababu yangu niliijua. Shule niliiacha darasa la nne. Nilipokwenda ofisi ya serikali kuchukua cheti chake cha kuzaliwa, karani aliniuliza kwa Kifaransa mtoto amezaliwa lini. Nikajibu, kwa Kifaransa changu cha kuokota, kwamba amezaliwa na mimi. Yule bwana alicheka, kisha akaita mwenzake wa chumba cha pili aje anisikie nirudie. Nilirudia! Nilidhani hakusikia. Nilipofika nyumbani nikaelewa, nikalia, nikaapa kwamba huyu niliyembeba hatachekwa namna ile na mtu yeyote.

"Kusema Kifaransa si akili," Dieuseul akanikumbusha. Kwetu ni methali, na wasiokijua ndio wanaoipenda zaidi.

"Sawa. Ila na kutokukijua si akili pia."

Kahawia ilibaki nafasi moja ya darasa la kwanza, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Jumanne tukaenda kuonana na mwalimu mkuu. Dieuseul alivaa viatu vya harusi yetu, vinavyombana na kumfanya atembee kama anayekanyaga mayai. Ketlina nilimfunga riboni nne.

Mwalimu mkuu, Madam Altidor, alikuwa mwanamke wa sauti ya taratibu, mwenye kunukia vizuri. Sikumkuta na pembe kichwani, nisije nikamsingizia. Alitupa viti, akampa Ketlina pipi, akamuuliza kwa Kifaransa jina lake, umri wake na jina la mji wake. Ketlina akajibu yote bila kujikwaa, kama tulivyokariri naye mwezi mzima. Mimi nikawa navimba kwa fahari pale kitini.

"Mtoto mwepesi huyu," Madam akasema. "Nafasi ni yake mkiitaka."

Hivi hivi tu! Dieuseul akanikanyaga mguu kwa furaha, na kiatu kile ni kigumu.

Ketlina alikuwa amekodolea macho tufe la dunia juu ya meza. Akauliza kwa Kikrioli, lugha yetu ya nyumbani, "Madam, kama dunia ni mviringo, maji ya bahari ya chini mbona hayamwagiki?"

Madam akatabasamu, akaweka kidole mdomoni. "Hapa kwetu ni Kifaransa tu, mpenzi. Uliza kwa Kifaransa."

Ketlina akafungua mdomo. Nikaona anatafuta. Anatafuta maji, anatafuta chini, anatafuta kumwagika, na hakuna hata kimoja tulichokariri. Akafunga mdomo, akarudisha macho kwenye viatu vyake. Jambo hilo sikuwa nimewahi kuliona tangu azaliwe, kwamba swali limfike mdomoni kisha alimeze. Lilinichoma, nisiseme uongo, lakini nikajiambia ni siku ya kwanza, atazoea.

Tulipokuwa tunaaga nikakumbuka udadisi wangu wa miaka saba. "Madam, samahani. Naomba nione kanisa la shule. Pale watoto wanaposali."

Akanishangaa. "Hatuna kanisa, Bibi. Asubuhi tunasali uwanjani, mbele ya bendera. Dakika moja, wamesimama."

"Wamesimama?"

"Wamesimama."

Nikamwangalia Dieuseul, na yeye akaniangalia mimi. Wahenga husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na sisi tulikuwa ndani tayari.

Geti liko mwisho wa ukumbi mrefu wa vigae. Madam alituaga mlangoni pake, tukatembea wenyewe. Katikati ya ukumbi, karibu na mtungi wa maji, wasichana watatu walikuwa wamepiga magoti, nyuso ukutani. Mapindo yao yalikuwa chini ya magoti, na magauni yote matatu yalikuwa mshono wangu. Fundi hausahau mkono wake.

Ketlina akawa amechuchumaa tayari kando ya yule wa mwisho, msichana wa miaka tisa hivi. "Umefanya nini?"

"Nimesema," yule akanong'ona bila kugeuka.

"Umesema nini?"

"Nimeomba maji."

"Kuomba maji ni kosa?"

"Kwa Kikrioli, ndiyo."

Nilimshika Ketlina mkono nimwinue. Yule msichana akageuza jicho, akaiona futi yangu ya kupimia. Ninatembea nayo shingoni mpaka kanisani, ndivyo ninavyojisahau. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Mama, wewe ndiye fundi? Wewe ndiye unayetuwekea kile kitambaa kwa ndani?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Asante," akasema. "Ongeza kidogo. Vigae ni vigumu."

Ketlina hakuuliza kitu njia nzima mpaka nyumbani, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Miaka saba, enyi watu! Miaka saba nilikuwa naona adhabu nikadhani ni ibada, tena nawasifia mbele ya majirani. Nilijiona mjinga kuliko siku ile ya karani.

Nikadhani jambo limekwisha. Lakini tulipokaa kula ndizi za kukaanga, mume wangu, yule yule wa methali, akaweka uma chini. "Tumpeleke."

"Wapi?"

"Kahawia. Sikiliza, Mama Ketlina. Mimi nilipigishwa magoti juu ya changarawe, na magoti yamepona, haya hapa. Lakini ile kazi ya hoteli, ya majokofu makubwa, unakumbuka nilivyoikosa? Walinipa kitabu cha mashine nisome. Kile cha Kifaransa. Mikono yangu inaijua mashine nzima, ila kitabu kikanishinda mbele ya watu. Hiyo haijapona." Akakohoa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Ainame, sawa. Hawakusema apige magoti."

"Unacheza na maneno."

"Naam, na mtoto wangu nataka acheze nayo pia!"

Akaushika tena uma wake. Sikuwa nimemshinda, ila nilikuwa nimepiga kelele. Alikuwa na haki yake, na mimi nilijua. Nilikuwa nimemwona alivyorudi siku ile ya hoteli, akakaa ndani ya gari la rafiki yake saa nzima bila kushuka.

Asubuhi ya Jumatano nikarudi kwenye cherehani. Juu ya rundo kulikuwa na gauni la kijani, la ile shule ndogo iliyo nyuma ya soko la samaki, yenye bango lililopigwa rangi kwa mkono. Hao wa Kijani nilikuwa nawadharau. Mapindo yao mazima, kola nzima, lakini mifuko! Kila gauni mfuko umeraruka. Nilikuwa nawaita wahuni. Safari hii, kwa kuwa nilishakosea kusoma nguo mara moja, nikatia mkono mfukoni kabla ya kushona.

Nikatoa konokono mkavu. Nikatoa visoda sita, kamba yenye mafundo kumi na mawili yaliyopangika sawasawa, na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kitoto, mistari miwili. Wa juu Kikrioli: *Kivuli cha mlingoti saa mbili, mafundo kumi na moja.* Wa chini maneno yale yale kwa Kifaransa, yamefutwa na kuandikwa tena mara tatu.

Nikamwita Dieuseul. Akaishika ile kamba, akahesabu mafundo, akaipima kwa kiganja chake. "Nani kawapa hii?"

"Twende tukaulize. Kuuliza si ujinga."

Tukaenda kama tulivyo, mimi na uzi begani, yeye na mikono ya grisi, Ketlina mbele yetu. Shule yenyewe ni vyumba vitatu na bati lenye kutu, na choo chake sikukipenda, nikakisema hapo hapo. Mwalimu, Bi Gerlande, mwembamba mwenye kalamu nywelini, hakukasirika. Akasema na yeye hakipendi.

Watoto walikuwa uwanjani, wamepiga magoti. Nilishtuka mpaka nikashika kifua. Lakini walikuwa wamepiga magoti popote pale, wengine wamelala kifudifudi kabisa, wanapima kivuli cha mlingoti wa bendera na kupigiana kelele nani amepima vibaya.

"Na Kifaransa?" Dieuseul akamuuliza mwalimu, sauti kavu. "Wanakijua?"

"Wanauliza kwanza kwa lugha inayowatoka. Halafu tunalitafutia swali Kifaransa chake. Mwanzo wanachelewa, sikufichi. Darasa la kwanza wenzao wa Kahawia wanawaacha mbali."

"Na darasa la sita?"

"Njoo ukae darasa la sita uwasikilize. Ukitaka hata sasa hivi."

Dieuseul akaenda kweli. Akakaa nyuma kwenye kibenchi cha mtoto, magoti yamegusa kidevu. Alikaa kipindi kizima. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi ambayo mtoto mmoja alimwandikia: sehemu zote za jokofu, Kikrioli upande huu, Kifaransa upande ule. Aliwatajia yeye, wakamtafutia wao. Hakunionyesha mpaka tulipofika kwenye kona ya soko, na alipokuwa ananionyesha hakuweza kuniangalia usoni.

Ketlina tulimkuta uwanjani ameshika ncha ya kamba. "Mama, saa sita hakijifichi," akapiga kelele kabla sijamfikia. "Kinaingia chini ya miguu! Mbona hukuniambia?"

"Sikuwa najua."

"Wewe ulikuwa hujui?" Alicheka, na kile kicheko hakikuniuma hata kidogo.

Ijumaa nilimpelekea Madam Altidor barua ya kumshukuru na kumwambia ile nafasi ampe mwingine. Niliogopa nilipokuwa naiandika, na hadi leo kuna siku naogopa. Akija karani mwingine akamcheka mwanangu, nitajua wa kumlaumu ni nani.

Agosti gauni la kijani likawa tayari. Mfuko niliushona mara tatu, uzi wa suruali ya kazi. Ketlina akalivaa siku hiyo hiyo, akazunguka nalo chumbani mfuko umeshajaa vifungo vyangu.

Pembeni yangu kulikuwa na boksi la Kahawia, magauni arobaini ya mwaka mpya. Nilikuwa nimekusudia nisiwawekee tena kile kitambaa, nisije nikawa mshirika wa jambo lile. Nikashona la kwanza bila kitambaa. Kisha nikalifumua. Nikakata vipande, nikaweka tabaka mbili badala ya moja.

Ketlina akaja akabonyeza pindo kwa kidole. "Mama, mbona hapa pazito?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa anayeuliza anastahili jibu. Akafikiri, kidole bado kiko pale.

"Na mwenye gauni hili atajuaje kwamba umemwekea?"

"Atajua akipiga magoti."

Akalikunja lile gauni taratibu, kola juu, kama nilivyomfundisha, akaliweka juu ya mengine.

"Basi," akasema, "huyu Mungu amsaidie asijue."