Aliyeichukua Nyumba ya Jinja

Jumamosi moja ya mwaka 1974, saa nne asubuhi, Kanti aliketi katika ukumbi wa kanisa huko Harrow bila kuvua koti, maana hita ilikuwa ikitoa sauti tu. Huko Jinja, kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini, alikuwa muuza vitambaa. Hapa alipanga mafaili ofisini, na Jumamosi alisoma Kiingereza kwa Margaret.

Siku hiyo aliandika: Nyumba yangu ilichukuliwa.

“Na nani?” akauliza Margaret. “Sentensi nzuri huanza na aliyetenda.”

Miaka ishirini ya Kiswahili cha dukani ilikuwa imemharibu Kanti. Huko kikombe huvunjika na chakula huungua, asilaumiwe mtu. Akafuta, akaandika upya: Kapteni wa jeshi aliichukua nyumba yangu.

Mlango ukafunguka. Kapteni akaingia na sare yake, akaketi kwenye kiti cha mbele. Margaret akampa rejista atie saini. Kanti akammiminia chai. Mgeni ni mgeni.

“Sukari vijiko vitatu,” kapteni akasema.

Jirani yake Kanti darasani alikuwa Sherko, Mkurdi aliyeshona suti. Akaeleza kwamba kwao, jambo likishatendwa, kitenzi humfuata mtendwa, na mtenda, yaani jina lake, hupindwa kidogo. Akaitamka sentensi ile kwa Kikurdi. Mgongo wa kapteni ukapinda mpaka pua ikakaribia chai, na nyumba ya Jinja ikajipenyeza mbele ya ubao, baraza lake likisukuma madawati. Dirishani Kanti akayaona mapazia aliyoyashona mkewe.

“Afande, nirudishie nyumba yangu.”

Kapteni akaipuliza chai. “Bwana Kanti, mimi niliamriwa tu.”

“Anasemaje?” akauliza Margaret.

Kanti akamtafsiria sentensi hiyo. Margaret akaiandika ubaoni, akaikagua, akapiga tiki.

“Sahihi kabisa. Hapa mtenda si lazima.”

Kapteni akanyooka, akashukuru kwa chai, akatoka. Nyumba ikamfuata, ikikwaruza kizingiti. Sherko akaisema tena sentensi yake, mara mbili, lakini hapakuwa na wa kupindwa. Margaret akawataka waandike sentensi kumi za namna ile ya kapteni.

Mchana, Kanti alimsimulia mkewe, aliyekuwa akikaanga kachori.

“Na mapazia yangu uliyaona?”

“Niliyaona. Meupe, safi.”

Mkewe akageuza kachori. “Nani anayafua?”

Kanti akachukua kachori moja.

“Yanafuliwa,” akasema.