Mashati Arobaini Yasiyo na Kola

Shafiq alipenda kukicheka Kiswahili chetu. Babu yake alitoka Ujiji na biashara ya nguo, basi yeye akajiona ndiye mwenye lugha, na sisi Wanyarwanda, mafundi wake wa kushona pale Remera, wapangaji tu. "Nyiraneza," alikuwa akiniambia, "ukitaka kula, sema kula. Kura tutapiga siku nyingine." Wakati ule nilicheka pamoja na wenzangu.

Vita vilipoanza mwaka 1990, bariyeri za askari zilijaa barabarani. Donatille, fundi wetu bora, akawa anafika saa tano, au hafiki kabisa. Alikaa Ndera, nje ya mji, na mama yake, ambaye hakuweza kuinuka kitandani peke yake. Ni mimi niliyemwomba Shafiq ampe cherehani ashonee nyumbani. Nzeyimana, muuza maziwa mwenye kibali cha kupita, angempelekea vitambaa kwa baiskeli na kuturudishia nguo.

Shafiq alikuna ndevu. "Nakupa mwezi mmoja. Ikienda vizuri, na wengine watashonea kwao. Ikiharibika, cherehani inarudi, na asiyeweza kufika dukani atafute kazi nyingine."

Wiki tatu mambo yalikwenda. Ya nne ikaja kazi ya shule: mashati arobaini, na safari hii mkuu wa shule aliyataka na kola, si shingo ya duara kama mwaka uliopita. Nilifunga kitambaa, nikabana karatasi ya maelekezo kwa pini.

Ijumaa Nzeyimana alileta mzigo. Mishono ilikuwa imenyooka, vifungo viko mahali pake, na shingo zote arobaini za duara. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Donatille alikuwa ameirudisha karatasi yangu juu ya shati la kwanza. Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: "Mashati 40. Kora."

Nilitaka kuandika kola. Mkono ukaandika kama mdomo wangu unavyosema. Na kora, kwa Kinyarwanda chetu, ni fanya kazi. Basi Donatille alifanya kazi, kama mwaka uliopita.

Shafiq alikuwa nyuma na mteja. Ningemwachia karatasi aione, angenicheka mwaka mzima, pengine angenifukuza. Nilichomoa pini, karatasi nikaificha kifuani. Mpaka leo najidharau kwa wepesi wa mkono ule.

"Ulimwandikia habari ya kola?" aliuliza alipoyaona mashati.

"Nilimwandikia."

"Basi umeona. Mtu akiwa mbali na macho yangu, anashona anavyotaka." Akakata shauri hapo hapo: hakuna tena kushonea nyumbani.

Jumatatu Donatille alikuja mwenyewe, cherehani kichwani. Walikuwa wamemsimamisha kwenye bariyeri mbili. Alipokea maneno makali ya Shafiq, kisha akaja mezani kwangu. Nilijua anakuja kuidai ile karatasi, na nilikuwa tayari kukana.

"Nyiraneza, unisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe uliniombea kazi, mimi nimekupatisha haya. Mama iliniuliza, hii karatasi inasema kora tu, mbona haisemi shingo iko namna gani? Nikamwambia, mama, ni Nyiraneza iliandika. Yeye hawezi kunikosesha."