Mpira Mweusi wa Walikale

Umutoni aliukosa mpira mweusi, na baa nzima ya Walikale ikalipuka kwa kelele. Mimi, niliyekuwa nikicheza naye fainali, niliukazia macho ule mpira. Mpira ulikuwa mdomoni mwa tundu. Hata mlevi angeuingiza. Yeye aliupiga pembeni, ukagonga ukingo na kurudi katikati ya meza. Na huyu alikuwa binti yangu, niliyemfundisha biliadi kule Nyamitaba tangu alipokuwa akipanda juu ya kreti ya bia ili aifikie meza.

Kwa miaka mingi, kutoka milima ya Masisi hadi msitu huu, sikupata wa kunishinda. Kisha macho yakaanza kunisaliti. Mipira ya mbali ikavaa ukungu. Mkono wa kushoto, wa kuegemezea fimbo, ukaanza kutetemeka. Nilimficha kila mtu jambo hilo. Lakini asubuhi ya fainali hiyo nilimimina chai nje ya kikombe, naye Umutoni akafuta meza huku akiutazama mkono wangu.

Mshindi angekwenda kucheza Goma. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, nikamsogelea sikioni kumuuliza sababu.

“Umeikosa juu ya nini?”

“Njo muchezo, Papa. Iko zamu yako.”

“Mimi njo nilikufundisha. Usinidanganye.”

Akainamisha kichwa. “Sikupenda bantu bakuone unashindwa.”

Uso uliniwaka kama nimepigwa kofi. Nikainama juu ya meza. Machoni mwangu ule mweusi ulikuwa umegeuka miwili, ikikaribiana na kuachana. Ningeweza kupiga ovyo, nimrudishie huruma yake. Sikufanya hivyo. Nilitaka kushinda. Nilibana pumzi hadi mkono ukatulia, nikachagua mmoja kati ya ile miwili, nikapiga.

Mpira mweupe ulipita bila kugusa kitu.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

“Piga,” nikamwambia Umutoni. “Safari hii upige kweli.”

Alipiga. Mweusi ukatumbukia. Watu wakamnyanyua juu mabegani, wakiimba jina lake, naye huko juu akawa ananitafuta kwa macho.

Baadaye tulisimama barazani kungoja mvua ipungue.

“Papa, Goma utanisindikiza?”



“Nitakuja. Lakini unitafutie kiti karibu ya meza. Kwa mbali siko naona tena.”

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo kwa sauti. Umutoni alinishika mkono, tukashuka ngazi za baraza polepole, moja baada ya nyingine.