Nafasi ya Mtu Mmoja

Dunstan wa Chiwata na Fikirini wa Kitangari walifahamiana Burma, mwaka 1944, kwenye kiwanja cha ndege kilichofyekwa katikati ya msitu. Dunstan alikuwa kijana wa misheni aliyesoma hadi darasa la sita. Fikirini alikuwa Mmakonde wa juu ya mlima, na shule yake ilikuwa chuo cha Kurani tu. Kazi ya kikosi chao ilikuwa kufukia mashimo ya mabomu na kubeba masanduku ya risasi mpaka chini ya mabawa ya eropleni za kivita.

Askari wengine walizichukia eropleni zile kwa kelele na vumbi lake. Hawa wawili walizipenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyowafanya ndugu. Waliijua eropleni ya aina ya Harikeni kwa mgongo wake ulionona, na Spitfaya kwa mabawa yaliyochongoka taratibu kama jani la kunde. Hata wakiwa wamelala chini ya turubai waliweza kusema ni ipi inayorudi, na kama injini yake ni nzima au inakohoa. Walijifunza pia kwamba pua ya Spitfaya ni ndefu mno, rubani akija moja kwa moja haoni anapotua. Kwa hiyo huja kwa kupinda, akichungulia ubavuni, na kuinyoosha pale magurudumu yanapokaribia kugusa udongo.

Kuruka nazo halikuwa jambo la kuomba, maana kila moja ilikuwa na kiti kimoja. Lakini siku moja fundi alimruhusu Fikirini apande na kukaa kwenye kiti cha rubani, eropleni ikiwa imesimama. Alikaa, mkono kwenye usukani, akitazama mbele. Jioni akamwambia Dunstan kwamba katika dunia hii haombi kitu kingine ila kuinuka juu mara moja tu.

Vita vilipokwisha walirudi nyumbani. Dunstan alimuoa Helena, akalima korosho na mihogo. Fikirini alimuoa Stamili. Kutoka Chiwata mpaka Kitangari ni kupanda mlima na kutembea mchana kutwa, lakini haukupita mwezi bila mmoja kumwendea mwenzake. Helena alizoea kuwakuta wamesimama katikati ya shamba, majembe chini, nyuso juu, wakibishana juu ya eropleni iliyokuwa ikielekea Nachingwea. Alisema wanaume wengine huteta juu ya mipaka ya mashamba, wa kwake anateta juu ya mngurumo.

Mwaka 1951, wakati wa kiangazi, habari zilifika kwamba eropleni ya wapima ardhi imepiga kambi Masasi. Fikirini alitoka Kitangari alfajiri, akalala Chiwata, na kesho yake wakaenda pamoja. Njiani walikubaliana kwamba ikitokea bahati ya kupandishwa, wa kwanza awe Fikirini.

Walisimama pembeni ya kiwanja wakaiona ikija. Ilikuwa ndogo na ya amani, haina bunduki wala mbio, lakini ilikuja kwa kupinda, ikanyooka mwishoni kabisa. Fikirini akamshika mwenzake mkono.

"Huyu ni mtu wa Spitfaya," alisema.

Hakukosea. Rubani alikuwa Mzungu mwembamba mwenye mkono mmoja uliokunjamana kwa kovu la moto. Dunstan alimsalimu kwa Kiingereza chake cha misheni, akamweleza walikuwa wapi wakati wa vita na wamemtambuaje. Mzungu yule akawauliza jina la kiwanja, na jina la fundi, akawatazama kama mtu aliyekutana na jamaa zake ugenini. Akasema anataka kuruka kidogo kujaribu injini. Nyuma kumejaa masanduku ya kupigia picha, lakini pembeni yake ipo nafasi ya mtu mmoja. Akauliza, nani kati yenu?

Dunstan akajibu, kwa Kiingereza, kwamba ni yeye.

Hakuwa amekusudia. Neno lilimtoka, na likishatoka hakulirudisha. Alimgeukia Fikirini akamwambia, "Amenichagua mimi. Kwa sababu ya lugha."

"Nenda, ndugu yangu," Fikirini alisema. "Ukirudi utanisimulia."

Walikuwa juu kwa muda wa mtu kula chakula chake. Dunstan aliyaona mabati ya hospitali ya Mkomaindo, na majabali ya Masasi yamekuwa kama vichuguu, na pembeni ya kiwanja mtu mmoja amesimama peke yake, mdogo kama kidole. Machozi yalimtoka, na hakujua ni ya furaha au ya aibu. Aliposhuka Fikirini alimuuliza kila kitu, naye akamjibu kila kitu, isipokuwa hilo moja, kwamba hakuchaguliwa. Rubani aliahidi kwamba kesho atamchukua wa pili. Usiku ule aliletewa amri ya kuhamia Songea, na walipofika asubuhi waliukuta uwanja mtupu.

Ikapita miaka miwili. Mara nyingi, wakiwa njiani wawili, Dunstan alifungua kinywa aseme, kisha akazungumza habari za mvua.

Oktoba ya mwaka 1953 Stamili alijifungua mtoto wa pili, na kwa kuwa alikuwa bado ndani, mumewe ndiye aliyekwenda kuchota maji. Kule juu hakuna maji. Watu huteremka bondeni na kupanda tena na mzigo. Akiwa anapanda na debe begani, aliteleza kwenye changarawe akaanguka mteremko mrefu, kichwa kikagonga mwamba. Kaka yake, Mahmudu, na majirani walimbeba kwa machela mpaka Newala, na kutoka Newala kwa lori mpaka hospitali ya Masasi. Mahmudu akatuma mtu Chiwata.

Dunstan alimkuta kichwa kimefungwa, anapumua, lakini haamki. Daktari aliwaeleza kwamba damu imevujia ndani ya fuvu, na mpasuaji yuko Lindi. Kwa barabara ile lori lingemuua kabla ya kufika. Lakini ile eropleni ya wapima ardhi ilikuwa imerudi Masasi wiki ile, na rubani amekubali. Masanduku yametolewa ili mgonjwa alazwe sakafuni, na itabaki nafasi ya mtu mmoja wa kumshika.

Nafasi ile ilikuwa ya Mahmudu. Mahmudu alimtazama Dunstan.

"Wewe ndiye unayevijua vitu hivi," alisema. "Nenda naye."

Rubani aliwatambua wote wawili. Alimfunika Fikirini kwa koti lake mwenyewe.

Walipoinuka, Dunstan alipiga magoti, akainama mpaka mdomo ukagusa sikio la mwenzake, kwa sababu ya mngurumo. Akaanza kumsimulia. Alimwambia sasa tumeiacha ardhi. Sasa Chiwata ile, mikorosho inaonekana kama vifundo vya uzi. Kulia ni ukingo wa mlima wenu, na Kitangari iko nyuma yake, moshi unapanda. Chini ni mto Lukuledi, mchanga mtupu, maji yamebaki vidimbwini. Alimwambia kila kitu, hata kivuli chao kilivyokuwa kikikimbia juu ya mashamba ya watu. Kisha, walipokuwa karibu kuiona bahari, akamwambia na lile.

"Hakunichagua. Aliuliza nani, nikasema mimi. Nafasi ile ilikuwa yako."

Fikirini alipumua vilevile. Macho yake hayakufumbuka.

Alikufa saa nane mchana, wakimwandaa kupasuliwa. Waislamu wa Lindi walimuosha na kumsalia, akazikwa kabla ya jua kuchwa. Dunstan, Mkristo, alisimama nyuma ya mstari wao, kisha akaomba jembe naye akafukia.

Alirudi kwa lori, siku mbili, akapanda Kitangari moja kwa moja bila kupita nyumbani. Walikaa naye kwenye mkeka wa msiba. Stamili, mtoto mchanga mapajani, aliuliza jambo moja tu.

"Shemeji, aliona?"

Dunstan angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amelifikiria neno hilo njia nzima.

"Hakuona, Mama Mohamedi. Hakuamka. Nilimsimulia sikioni, lakini sijui kama alisikia." Kisha akamweleza habari ya kiwanjani, tangu mwanzo, mbele ya Mahmudu na watu wote.

Stamili alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alijua," alisema. "Jeshini alikaa miaka minne, shemeji. Kiingereza cha kuulizwa nani kati yenu alikielewa."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema ulishuka na machozi, akaona umekwishajihukumu. Akasema siku utakayomwambia mwenyewe, atakuambia amekwisha kukusamehe." Alimpandisha mtoto begani. "Alikuwa akikusubiri."

Hapo Dunstan alijifunika uso, na watu wakamwacha alie.

Stamili alipotoka eda, Dunstan na Helena walimsindikiza mpaka Lindi, akalione kaburi. Mvua zilikuwa zimenyesha na majani yamelifunika. Dunstan alilitambua kwa mawe mawili aliyoyachagua mwenyewe. Stamili alichutama akang'oa majani, moja moja, mpaka udongo ukawa safi. Alipomaliza aliuliza mumewe alikuja kwa upande gani.

Dunstan alimwonyesha magharibi, juu ya bonde la Lukuledi. Hakukuwa na kitu kule ila mawingu ya masika. Stamili alitazama kwa muda mrefu, kiganja juu ya macho.

"Ni mbali," alisema.

"Ni mbali," Dunstan alisema.

Helena alimpokea mtoto, na wakaanza kushuka kuelekea stendi ya malori.