Chumba cha Saba Siku ya Ukaguzi

Jumatano saa tatu na robo asubuhi, mkaguzi wa nyumba za kupanga alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaingia koridoni. Mwenye nyumba alimfuata amekumbatia mtungi wa kuzimia moto kama mtoto mchanga. Ulikuwa wa jirani, na jirani mwenyewe angekaguliwa saa tano, kwa hiyo hakuona sababu ya kuutua.

Nyumba ilikuwa na vyumba saba. Leseni ilisema sita. Cha saba kiliongezwa baadaye, palipokuwa stoo, na kwa kuwa hakikuwa kwenye leseni, mkaguzi alipofungua faili kiliondoka. Ndivyo kilivyofanya kila mwaka. Mlango ulikwenda pamoja na ndala zilizokuwa mbele yake, ukabaki ukuta wa rangi ya maziwa. Faili likifungwa, kilirudi. Wapangaji walishazoea. Aliyekuwa na nguo za kuchukua kwa fundi alizichukua mapema.

Maana aliyepanga humo alikuwa fundi cherehani, msichana wa aibu, pamoja na mama yake mgonjwa wa mguu. Mama hakutoka. Chumba kikiondoka aliondoka nacho, na kikirudi alisema amelala vizuri.

Mwaka huu fundi alikuwa na neno. Soketi iliyo juu ya kitanda cha mama ilinuka kuungua, na dirisha lilikuwa limechomelewa nondo. Mwenye nyumba alishaambiwa mara nne. Lakini kasoro ikiandikwa kwenye fomu ya mkaguzi, mwenye nyumba hupewa siku kumi na nne airekebishe, apende asipende. Kwa siku tatu fundi alilifanyia mazoezi neno lake mbele ya cherehani.

"Shikamoo," alimwambia mkaguzi. "Chumba cha saba soketi inaungua."

"Marahaba, binti. Humu viko sita."

"Kipo. Sasa hivi tu ndiyo hakipo. Ukifunga faili kitarudi."

"Mwache mzee wa watu afanye kazi," alisema mwenye nyumba.

Fundi viatu wa chumba cha tatu alitoa kichwa mlangoni. "Si afunge tu? Kwani faili lina kufuli?"

Mkaguzi alikuwa mtu wa haki. Alifunga faili, akalibana kwapani. Mlango ukarudi, na ndala zake. Akaingia na fundi cherehani, akamsalimia mama, akainama kwenye soketi. Plastiki ilikuwa nyeusi, imelainika pembeni. Akatikisa nondo za dirisha kwa mikono miwili. Hazikusogea.

"Hii ni hatari, mama. Moto ukianza hapa hamtoki."

"Ndilo tunalosema," mama alijibu.

Akatoa kalamu, akafungua faili. Akajikuta koridoni na fundi, wanatazama ukuta.

"Andika basi," alisema fundi.

"Fomu inajazwa mbele ya kasoro, binti. Siyo ya kukumbuka."

Akafunga, wakaingia. Akafungua, wakawa nje. Alijaribu kulifungua kidogo tu, upana wa kidole. Kitanda kilibaki, lakini ukuta wenye soketi ukaenda zake. Alipofunga mara ya tano, mama aliita kutoka ndani, "Jamani, amueni. Chai inamwagika."

"Na jirani anasubiri mtungi," alisema mwenye nyumba.

Mkaguzi alimtazama fundi kwa huruma ya kweli. Kisha akafungua faili, akaandika: vyumba sita, mtungi upo, kasoro hakuna. Kwa pale alipokuwa amesimama, kila neno lilikuwa sahihi. Akagonga muhuri.

"Nakushauri," alimnong'oneza fundi, "mama asilale karibu na ile soketi."

"Alale wapi? Kingine kilichomo ni cherehani."

Mkaguzi alikubali kwamba hilo nalo ni neno. Wakaenda kwa jirani, mtungi ukitangulia. Leseni mpya ilitundikwa koridoni kwenye fremu. Soketi haikuguswa.

Mwaka uliofuata fundi hakukaa koridoni. Alipomwona mkaguzi akikata kona, aliingia ndani na kufunga mlango, mama asiwe peke yake. Faili likafunguliwa, chumba kikaondoka nao wote wawili. Nyuma ya nondo za dirisha kukawa na weupe mtupu, kama shuka iliyoanikwa.

Fundi alipima kutoka kitandani hadi mlangoni. Hatua nne. Akarudia akiburuta mguu anavyouburuta mama. Tisa.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Hatua za kutokea, moto ukishika."

"Kutokea wapi, leo?"

Fundi alifungua mlango, akatazama, akaufunga taratibu.

"Hakuna kitu," alisema.

"Basi njoo ujinyooshe. Mkaguzi huwa hachelewi," alisema mama, akasogea upande wa soketi ili ampe nafasi.