Nchi Iliyolia Madereva Walipotii

Koplo Sikudhani Mlekwa alirudi kutoka zamu ya asubuhi kavimba kwa hasira. Tangu alfajiri alikuwa amejibanza kwenye kichaka cha mtelemkoni na tochi yake, ile ya kupimia mwendo wa magari, na madereva, kwa ukaidi wao, wakapita polepole kama waendao mazikoni. Juu ya hayo Mwalimu Ngonyani wa shule ya msingi alimfuata tena kulekule kichakani: "Mwanangu, watoto wanaponea chupuchupu pale kivukoni, wakivuka barabara kila siku saa tisa. Tupeni askari mmoja tu." Mkuu wake, Afande Mbonde, alipopigiwa simu alicheka. "Kivuko kinaingiza nini? Mchana rudi mtelemkoni, na usipofikisha lengo la faini, nakuhamishia lindo la ghala!" Basi Sikudhani akajitupa kwenye kochi na viatu vyake, usingizi ukamchukua.

Masikini, hakujua anakopelekwa. Alijikuta katika nchi ya barabara pana, nyeupe, na kila kichaka kinachungulia kwa kofia ya askari. Mama mmoja mrefu, aliyejitanda kitenge hadi kwenye nyusi, akamshika mkono. "Mimi ni Haya," alisema. "Huku wamenisahau. Tembea, mwanangu, utazame, usiwe mwepesi wa kusema." Wakafika uwanjani penye kiti cha enzi, na juu yake, loo! kakaa Bwana Mapato, kitambi kimefumua vifungo vya sare isiyo yake. Mwenye sare alikuwa chini: mzee Utaratibu, kaachiwa fulana tu, ameshikishwa bango la USALAMA KWANZA ili Mapato apate kivuli. Ndiyo kazi waliyombakizia, wasio na soni hao!

Mara mjumbe akaja mbio, akaanguka kifudifudi. "Ee Bwana, msiba! Leo hakukosea dereva hata mmoja!" Nchi nzima ikaangua kilio. Wake kwa waume walijigaragaza. Mapato akazirai, akapepewa kwa vitabu vya risiti. Alipozinduka aliamuru kibao cha hamsini kiandikwe thelathini, kisha kifichwe nyuma ya mti. Wakashangilia, mijitu mizima! Kule mbali watoto walikuwa wamesimama kivukoni peke yao, magari yakiwapita puani. Utaratibu alijaribu kuinuka awaendee, wakamkandamiza chini. "Tulia, we mzee, Bwana anaungua jua!"

"Wapumbavu gani hawa," Sikudhani akafoka, "wanaolia kwa kuwa watu wametii?"

Haya akamtazama kwa upole uliouma kuliko kofi. "Watu wakishika sheria, mlinzi wa sheria hufurahi. Wewe, mwanangu, asubuhi ulifurahi?"

Sikudhani akagutuka kochini. Asubuhi ile aliwatukana madereva wale mmoja mmoja, kwa kosa la kwenda vizuri. Wapumbavu aliowacheka walikuwa na sura yake. Aibu ilimwingia mpaka masikioni. Akaangalia saa: nane na nusu. Akavaa kofia, akatoka.

Saa tisa na robo simu ikaita.

"Koplo! Mtelemkoni hakuna mtu! Uko wapi?"

"Kivukoni, afande."

"Umekamata wangapi?"

"Sijakamata mtu." Alikuwa amenyoosha mkono mmoja, lori limesimama, na watoto wanakatiza mbele yake wakisukumana.

"Unajua ninachoweza kukufanya?"

"Najua, afande."

Mbonde akahema. "Sasa mimi kwenye ripoti niandike nini?"

"Andika wote wamevuka."